Helmeti ya Mtoto na Breki ya Patipati

Likizo ya Agosti ikifika, mtaa wetu hapa Nakuru huwa wa baiskeli. Kuna kijana ana baiskeli tano za mtumba. Huziegemeza kwenye ua wa kayaba karibu na duka na kuzikodisha shilingi 20 kwa dakika 10. Mbili zina breki. Tatu hazina, na hizo tatu ndizo zinazogombaniwa, maana ndizo nyepesi. Mtoto akitaka kusimama hushusha mguu wa kulia na kukandamiza unyayo wa patipati kwenye tairi la nyuma mpaka liseme shwaaa. Ukitaka kujua ni nani amemaliza pesa zake zote za likizo kwa baiskeli, angalia patipati yake ya kulia: imelika katikati kama kipande cha sabuni ya kufulia.

Na mji wenyewe umeinama. Kutoka kilele cha Menengai, kilicho mita 2,278 juu ya usawa wa bahari, hadi ziwani kule chini, unashuka zaidi ya mita 500. Mtoto wa Kisumu akitaka kasi inabidi akanyage pedali. Wa kwetu anahitaji kuachilia tu.

Na hapo ndipo swali la mzazi linapoanzia: je, mtoto avae helmeti kila anapokalia baiskeli? Binti yangu ana miaka tisa. Ana baiskeli yake, ana pia helmeti ya buluu niliyomnunulia pamoja nayo, na nilikuwa nimeweka sheria ambayo niliiona ya busara kabisa: helmeti huvaliwa ukitoka kwenda barabara yenye magari. Ukiwa ndani ya ploti au hapa langoni, si lazima. Baba mwenye msimamo wa kati. Sikutaka kuwa yule mzazi anayemfunga mtoto mito kila pahali kama anasafirishwa na kampuni ya kuhamisha vyombo.

Alianguka langoni. Hapakuwa na gari, pikipiki wala mteremko wa kutaja. Alikuwa anageuza baiskeli kwa mwendo ambao kuku angeukwepa bila kukimbia, gurudumu la mbele likapiga ukingo wa mtaro, akaenda chini kwa ubavu na kichwa kikakutana na saruji. Nyuzi nne juu ya sikio la kushoto. Helmeti ilikuwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni, hatua labda 15 kutoka pale.

Kwenye zahanati, daktari hakuhangaika sana na damu. Ngozi ya kichwa hutoka damu nyingi hata kwa mkwaruzo. Alichotaka kujua ni kama mtoto alipoteza fahamu, kama ametapika, kama anakumbuka alikuwa akifanya nini. Akammulika macho na tochi kuona kama mboni zinalingana. Kisha akatutuma nyumbani na maagizo: akitapika zaidi ya mara moja, akisinzia kwa namna ambayo si ya kawaida yake, akilalamika kichwa kinazidi kuuma, akitetemeka mwili au akitoa maji au damu puani au masikioni, rudini saa hiyo hiyo, hata iwe usiku wa manane. Mimi na mamake tulimwamsha kwa zamu usiku kucha. Kila mara alituuliza kwa hasira tunataka nini. Sijawahi kufurahia kugombezwa na mtoto kama usiku ule.

Katika ile kukaa macho ndipo nilipoona kosa la sheria yangu. Niliitunga nikiwaza magari, na helmeti ya baiskeli haikutengenezewa magari.

Ndani ya lile gamba la plastiki kuna povu gumu jeupe, ndugu wa lile linalozunguka televisheni mpya kwenye katoni. Kazi yake ni kubonyea. Kichwa kinapogonga, povu linasagika na kukipunguzia mwendo kidogo kidogo badala ya kukisimamisha ghafla, ili ubongo usirushwe ukagonge fuvu kutoka ndani. Basi, hiyo ndiyo siri yote. Kipimo cha Ulaya kinachoitwa EN 1078 huiangusha helmeti ikiwa na kichwa cha bandia ndani juu ya chuma bapa, kwa kasi ya mita 5.42 kwa sekunde. Hiyo ni karibu kilomita 20 kwa saa, sawa na kuanguka kutoka kimo cha mita 1.5 hivi. Sasa fikiria kimo hicho. Ni kichwa cha mtoto aliyekaa juu ya baiskeli, akipinduka langoni kwao.

Kwa hiyo wale wanaoniambia “helmeti itamsaidia nini akigongwa na lori pale Section 58?” wana haki kwa sehemu. Lori la barabara kuu halijui povu. Lakini watoto wengi wanaoanguka mtaani hawagongwi na lori. Wanagongwa na ardhi. Watafiti wa Australia waliwahi kukusanya tafiti 40, zenye waendesha baiskeli zaidi ya 64,000 walioumia, wakakuta kwamba waliovaa helmeti walikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 69 wa kupata jeraha baya la kichwa kuliko wasiovaa. Si asilimia 100, na hakuna fundi mkweli atakayekuahidi 100. Ila kwa kitu kinachoning’inia kwenye msumari, 69 si haba.

Mama yangu, ambaye watoto humwita shosho, hakukubali. Alikuja kumwona mgonjwa akiwa na ndizi na maoni. “Nyinyi mmewafanya hawa watoto mayai,” akasema. “Mimi nimelea saba. Nani alivaa hayo makofia?” Ni kweli. Sisi tulijifunzia baiskeli kubwa nyeusi ya baba, ile Black Mamba nzito kama kitanda. Kwa kuwa miguu haikufika ukiwa kitini, ulipitisha mguu mmoja chini ya chuma cha katikati, ukaendesha umejikunja ubavuni kama mtu anayechungulia dirisha. Tulianguka kila siku na tuko hapa.

Sikumjibu, kwa sababu shosho hajibiwi. Alijijibu mwenyewe. Alimenya ndizi, akanyamaza kidogo, halafu akasema: “Labda yule kijana wa jirani yetu kule Njoro. Yule aliyeangukia mawe akawa mzito wa maneno.” Mimi nilikuwa nimemsahau kabisa. Tulicheza naye, kisha akalazwa, kisha hakurudi darasani kwetu, na sisi wengine tukaendelea kukua tukisema tulianguka na hatukuumia. Shosho aliondoka bila kugusia helmeti tena.

Basi, kwangu jibu ni ndiyo. Mtoto akikalia baiskeli, helmeti iko kichwani, hata kama anazunguka mti wa mparachichi nyuma ya nyumba. Faida ya “kila mara” ni kwamba haina mjadala. Sheria yenye “isipokuwa” inamtaka mtoto wa miaka tisa apime hatari, na hata mimi mwenye miaka 43 niliipima vibaya.

Lakini ukiniuliza kama serikali iifanye amri kwa watoto wote wa Kenya, nakuacha hapo. Tangu 2012 Sheria ya Trafiki inamtaka mwendesha pikipiki na abiria wake wavae helmeti na jaketi ya kuakisi mwanga. Simama dakika tano kwenye kituo chochote cha boda, uhesabu helmeti za abiria zilizo kichwani na zilizovikwa kwenye kioo cha pembeni. Sasa chukua sheria hiyo umshushie mtoto anayepanda keria ya babake kwenda shule kule Molo. Atakayesimamishwa hatakuwa wa Milimani, mtaa wa wenye nazo, mwenye baiskeli ya gia 21. Huko Victoria, Australia, jimbo lililotangulia duniani kuweka amri hiyo kuanzia Julai 1990, walihesabu waendeshaji Melbourne baadaye wakakuta vijana wengi wameacha tu baiskeli. Mtoto aliyeacha baiskeli hatapasuka kichwa, sawa, lakini huo si ushindi wa kumwandikia mtu barua.

Waholanzi, ambao wanaendesha kuliko karibu kila mtu, wengi wao hawavai. Watu hupenda kulitaja hilo kana kwamba vichwa vyao ni vya chuma. Wanasahau kutaja kwamba mwaka 1971 zaidi ya watoto 400 walikufa kwenye barabara za Uholanzi, wazazi wakaingia mitaani na kampeni iliyoitwa Stop de Kindermoord, yaani acheni kuua watoto, na miaka iliyofuata nchi ikaanza kujenga njia za baiskeli zilizotengwa na magari. Nionyeshe njia ya namna hiyo kutoka mtaa wa Free Area hadi mjini isiyokaliwa na pikipiki na mama wa mahindi ya kuchoma, nami nitalegeza kidogo. Mama wa mahindi simlaumu, pale ndipo wateja walipo.

Hata wanaume wazima wa mashindano hawakutaka kuvaa. Mwaka 1991, kwenye mashindano ya Paris–Nice, waendeshaji waligoma walipolazimishwa. Ilichukua hadi 2003, Andrey Kivilev wa Kazakhstan alipokufa kwa kuumia kichwa kwenye mashindano hayo hayo, ndipo amri ikapita. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, alishinda Tour de France mara nne na helmeti kichwani, na binti yangu anapolalamika kwamba inamfanya aonekane kama uyoga, humwonyesha picha hiyo. Haisaidii sana. Anasema Froome naye anafanana na uyoga.

Kulalamika kwake kukubwa ni nywele. Hili sijawahi kuliona likiandikwa na wanaouza helmeti, na kwa msichana wa hapa ndilo tatizo lenyewe. Akisukwa matuta, au zile zinazokusanywa utosini, helmeti inakaa juu kama kifuniko cha sufuria inayochemka. Helmeti iliyoning’inia utosini haifanyi kazi. Inatakiwa ikae sawasawa, vidole viwili tu juu ya nyusi, kamba zitengeneze V chini ya kila sikio, na chini ya kidevu pabaki nafasi ya kidole. Tumefikia mkataba na msusi: wakati wa likizo ni mistari ya kulala, nyuma chini. Mamake ndiye aliyejadiliana, mimi nililipa.

Mengine niliyojifunza kwa gharama ndogo: helmeti ya mtumba inunue ukiwa na mashaka. Povu likishabonyea mara moja halirudi, na ufa unaweza kujificha chini ya gamba linalong’aa. Ichungulie ndani, kuna kibandiko cha mwaka iliyotengenezwa, na ukijua imewahi kuanguka na mtu, iache. Usimvike mtoto helmeti ya boda ya baba. Ni nzito kwa shingo yake na itamfunika macho. Na akishuka kwenye baiskeli, aivue kabla ya kupanda mpera. Kuna watoto ng’ambo walionasa kwa kamba ya helmeti kwenye vyuma vya kuchezea wakanyongwa, hadi kikatengenezwa kipimo kingine cha helmeti za watoto wadogo zenye kifungo kinachoachia chenyewe.

Nilikwenda pia kwa yule kijana wa ua wa kayaba. Nilikuwa na hotuba tayari. Alinisikiliza kwa adabu kisha akasema, “Mzee, helmeti moja ivaliwe na watoto 30 kwa siku? Mapunye nitayalipia mimi?” Nikakosa jibu. Akaendelea: “Na mtoto akikuja na 20 bob, nimwambie arudi nyumbani atafute helmeti, atarudi kweli?”

Hatarudi. Wengi wa watoto wale hawatakuwa na baiskeli yao miaka hii, na zile dakika 10 ndizo baiskeli yote waliyo nayo. Mimi sitakuwa mtu wa kuwanyima. Nikamuuliza, je, breki? Akacheka, akasema breki ni pesa. Kwa hiyo tukamwita fundi, nikalipa nusu naye akalipa nusu, na zile baiskeli tatu zikafungwa breki za mbele na nyuma. Kusema kweli, kama mzazi ana pesa ya kitu kimoja tu mwezi huu, kati ya helmeti na breki inayoshika, mimi ningesema breki kwanza. Najua hilo linapingana na nusu ya nilichoandika hapo juu.

Breki zile zina wiki tatu sasa. Juzi jioni nilisimama langoni, nikaona kijana mmoja mdogo akiteremka kutoka juu, vidole vya mikono yote miwili vimekaa vizuri juu ya breki kama alivyofundishwa. Alipokaribia duka, mguu wa kulia ukashuka wenyewe, patipati ikaanza kutafuta tairi.