Mwacheni Atunge Muziki wa Mikoko

"Nchi ina mambo mazito, huyu anatupigia sauti za kaa na kunguru?" Maneno hayo aliyasema kaka mmoja aliyekaa nyuma yangu wiki iliyopita hapa Bagamoyo, kijana mtunzi akiwa bado jukwaani na zeze lake mkononi. Watu wawili watatu wakacheka. Mimi yamenikaa rohoni mpaka leo.

Si mara ya kwanza kuyasikia. Nyakati zikiwa ngumu, tunataka msanii aimbe ugumu huo. Akiimba bahari na ndege, tunasema ameogopa. Na nyakati ni ngumu kweli. Siku hizi mtu anaandika ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wake mwenyewe, anausoma tena, halafu anaufuta. Lakini anayesema muziki wa namna hii ni wa kukimbia, hajausikiliza.

Kijana yule alirekodi sauti kwenye mikoko wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekupwa. Kwanza unasikia mapovu yakipasuka kwenye mashimo ya kaa. Mdiria anaita, ananyamaza. Kisha wanaingia kunguru, wengi, wanazidi kuwa wengi. Angeweza kuwafuta kwenye kompyuta, na kipande kingekuwa kitamu zaidi. Kunguru hawa walitoka India, wakaletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, wakaenea pwani yote wakila mayai na makinda ya ndege wetu. Aliwaacha. Kila walipoongezeka, zeze lilipungua, mpaka ukawa unalitafuta kwa sikio. Halafu shoka: ko, ko, ko. Mtu anakata boriti. Kila mtu ukumbini alilijua shoka lile, kwa sababu mwenye kulishika ni jirani yetu, ana watoto wa kulisha, na hakuna aliyewahi kusimama kwenye mkutano wa mtaa akalitaja. Zeze lililitaja. Huko ndiko kukimbia?

Yupo mtu mwingine wa kumfikiria hapa, mtunzi wa muziki Mfaransa, Olivier Messiaen. Mwaka 1940 Wajerumani walimteka vitani, wakampeleka kambi ya wafungwa ya Görlitz. Kazi yake ya vyombo vinne, klarineti (ala ya kupuliza), fidla, selo na piano, ilipigwa humo kambini kwa mara ya kwanza tarehe 15 Januari 1941, katikati ya baridi kali, mbele ya wafungwa wenzake na askari waliowalinda. Imejaa ndege. Sehemu ya tatu ni klarineti peke yake, inashuka kwenye huzuni ndefu halafu inapanda na milio ya ndege. Mtu aliyezungushiwa seng'enge angekimbilia wapi? Ndege wale hawakuwa chini ya amri ya kambi, na aliyewasikia angeweza kukumbuka kwamba amri ile ina mwisho.

Tena msiniambie hayo ni mambo ya Wazungu. Klarineti huchongwa kwa mpingo, na mpingo ni mti wetu, unatoka misitu ya Tanzania na Msumbiji. Na zeze analopiga kijana huyu lina historia papa hapa mjini: mwanamuziki Mzee Hukwe Zawose alitoka nalo Ugogo, akaishi nalo Bagamoyo hadi alipofariki mwaka 2003.

Haya, nakubali: wapo wanaobandika mlio wa ndege juu ya kinanda na kuuza utulivu. Hao siwatetei. Nakubali pia kwamba tunawahitaji wa kusema waziwazi, na nawaheshimu kuliko ninavyoweza kuandika. Ila hatuwezi kumlazimisha kila mwenye kipaji aseme kwa mdomo mmoja, halafu asiyefanya hivyo tumwite mwoga.

Ninachowaomba waandaaji wa maonyesho hapa mjini ni kitu kidogo. Mkimwalika tena, msimpange alasiri wakati viti vitupu na jua linaingia mpaka jukwaani. Mpeni usiku, na waombeni wenye vibanda vya nje wazime spika zao mpaka amalize. Na yule kaka aliyekuwa nyuma yangu, mpeni kiti cha mbele.