Lupita wa jukwaani

Lupita Nyong'o akitajwa hapa Kisumu, mazungumzo huanzia kwenye Oscar na kuishia kwa babake. Ni bintiye gavana, alivaa gauni la samawati, akanyakua tuzo mwaka 2014. Yote ni kweli, nami najivunia kama mkaazi mwingine yeyote wa hapa. Lakini kazi yenyewe tunaijadili lini?

Nashikilia kwamba Lupita ni mwigizaji wa jukwaa kwanza. Hata akiwa kwenye skrini, kinachombeba ni mambo ya jukwaani: sauti, pumzi, namna ya kusimama na kuketi. Tazama filamu ya Us ya mwaka 2019, anamoigiza wanawake wawili wenye sura moja, Adelaide na Red. Red anapoketi mbele ya familia aliyoivamia na kuanza kusimulia maisha yake, sauti inakwaruza, kana kwamba kila neno linang'olewa kooni. Mgongo umenyooka, macho hayapepesi. Adelaide anayemsikiliza ni mtu mwingine kabisa, ilhali mwili ni uleule.

Halafu angalia nafasi alizokubali zinazomficha. Maz Kanata wa filamu za Star Wars hana uso wa Lupita, amechorwa kwa kompyuta. Katika The Wild Robot ya mwaka 2024 yeye ni sauti tu, roboti Roz. Mwaka huohuo, katika A Quiet Place: Day One, sauti ndiyo anayonyimwa: apigaye kelele huuawa, kwa hivyo hofu na uchungu vyote vinabaki machoni na mabegani. Anayetegemea urembo hawezi kazi hizo.

Ufundi huo una mizizi. Akiwa msichana mdogo Nairobi aliigiza Juliet na kundi la Phoenix Players. Baadaye akasomea uigizaji Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, akahitimu 2012. Ila habari inayonigusa zaidi ni ya Eclipsed, tamthilia ya Danai Gurira kuhusu wanawake waliotekwa wakati wa vita vya Liberia. Mwaka 2009, akiwa mwanafunzi Yale, Lupita alikuwa mwigizaji wa akiba katika tamthilia hiyo, yaani yule anayekariri mistari yote ya mwenzake ili apande jukwaani endapo mwenzake atakosekana. Baada ya Oscar, milango ya filamu ikiwa wazi, aliirudia kazi ileile: kwanza Public Theater jijini New York mwaka 2015, kisha Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za jiji hilo, mwaka 2016. Ikawa tamthilia ya kwanza Broadway ambayo mwandishi, mwelekezi na waigizaji wote walikuwa wanawake weusi, naye akateuliwa kuwania Tony, tuzo kuu ya maigizo ya Broadway. Kila usiku maneno yaleyale, watazamaji wapya, na hakuna wa kusema turudie.

Huku kwetu kuna vijana wanaozunguka shuleni na tamthilia za mitihani. Wanaigiza mchana wa jua kali, katika bwalo lenye mwangwi, mara nyingi bila maikrofoni. Nimewahi kumwona msichana akibadilisha leso nyuma ya shuka iliyotundikwa kama pazia: aliingia akiwa bibi kizee, akatoka, akarudi akiwa askari, mwendo umebadilika kuanzia kwenye kisigino. Wanafunzi waliokuwa wakipiga soga wakanyamaza wenyewe. Ni kazi ileile ya watu wawili katika mwili mmoja. Lakini huyo msichana analipwa nauli na chakula cha mchana, na mazoezi yake yote hayahesabiwi kuwa kazi. Jambo hilo linaniuma, hasa nikisikia tukisema tunangoja "Lupita mwingine."

Mwaka 2025 alirudi jukwaani tena, akaigiza Viola katika Twelfth Night ya Shakespeare kwenye ukumbi wa Delacorte, Central Park, pamoja na nduguye Junior, na Kiswahili kikasikika humo katikati ya New York. Kama kilifaa pale, kitafaa mitaa yetu ya Kondele na Kibuye. Ningependa tamthilia moja ya Kiswahili ionyeshwe Kisumu mwezi mzima, jioni, taa zikiwapo, tiketi ya bei ambayo mwendesha boda anaimudu, na waigizaji walipwe tangu siku ya kwanza ya mazoezi. Wafanyabiashara wanaobandika picha ya Lupita kwenye matangazo yao wanaweza kuanza kwa kuchangia hapo.