Nilitafuta asali, wakatokea wasaliti

Jamaa yangu wa Isevya ameshawapa toleo lake, eti kwenye kikao cha kikundi chetu cha wafugaji nyuki niliruka dirishani. Muongo. Nilitoka mlangoni, tena nikasema "samahani wazee". Sasa kwa vile mmeshacheka, chekeni na ukweli basi.

Mnajua barua pepe nasomea Mutt, ile programu ya skrini nyeusi na maandishi matupu aliyoianzisha Michael Elkins mwaka 1995. Laptopu ya ofisi ni kongwe, hivyo hivi vya kisasa vinailaza palepale. Mutt inakimbia. Tabu iko kwenye kutafuta neno lililo ndani ya barua: ukiiandikia ~b asali inafungua moja, inafunga, inafungua nyingine. Unaenda Kanyenye kunywa chai, unarudi, bado iko mwaka juzi.

Dawa ni faharasa iliyoandaliwa mapema, yaani orodha ya maneno na barua yalimo. Nikajaribu Notmuch, programu ya kusaka barua, lakini ukiiambia "lipa", "hawajalipa" haiioni, maana inasaka kuanzia kichwa cha neno. Kikundi cha wafugaji nyuki kisichoweza kutafuta "hawajalipa" kitaishije? Nikahamia SQLite, programu ya kutunza data. Tangu toleo la 3.34, Desemba 2020, inaweza kukata maandishi vipande vya herufi tatu tatu, ukalipata neno hata likiwa tumboni mwa neno jingine. Nikaifunga kwenye Mutt kwa kitufe cha F8. Na kwa mbwembwe zangu, kilichopatikana kiwake chekundu. Nikaielekeza kwenye barua zote: za ofisi, zangu, na zile nilizokwisha kutuma. (Nimewasikia. Tulieni.)

Siku ya kikao, projekta iko ukutani, mnunuzi wa Dar anadai tulimwandikia bei nyingine ya ndoo. Mwenyekiti akasema, "Kijana, si unajisifu una mtambo? Tuletee hizo barua za asali."

F8. A, s, a, l, i. Enter nikaipiga kwa madaha, mkono ukabaki hewani kama mpiga kinanda wa kanisani.

Matokeo yalitangulia mkono kushuka. Mpya ndizo huja juu, na mpya kuliko zote ni niliyomwandikia huyohuyo jamaa usiku wa jana yake. "Hawa w" nyeupe. "asali" nyekundu, ukuta mzima. "ti" nyeupe. Kisha: "wamegawana posho ya Sikonge bila mimi, na mzee ndiye kinara."

Nikajipa moyo kwamba hakuna anayesoma. Mama Mhasibu akaishusha miwani kutoka utosini, taratibu, ikapita paji la uso, ikatua puani. Akasoma. Kwa sauti! Alipofika "kinara" akameza mate, akamgeukia mwenyekiti. Mwenyekiti akanigeukia mimi. Mimi nikaigeukia ndoo ya sampuli.

Nikabonyeza mshale wa chini ili nguo yangu chafu ipande juu ipotee. Mstari wa pili nao ulikuwa unasubiri zamu yake: "n", kisha "asali" inawaka, kisha "kila usiku, angalau unijibu hata 'poa'." Kwa dada wa kwaya. Mtu wa nyuma akasema, "Yesu wangu." Nikatafuta q ya kutokea, vidole vinatetemeka, kimoja kikanasa Enter. Barua ikafunguka yote. Aya zote. Lile shairi pia. (Jamaa hakuwaambia kuhusu shairi? Basi sahauni.)

Mama Mhasibu hakucheka. Alisema tu, kwa upole wa mama, "Mwanangu, hebu andika na 'posho' tuone."

Nikaandika p. Nikaandika o. Mwenyekiti akasimama: "Jamani muda umekwenda, tufunge kikao kwa sala."

Hapo ndipo nilipotoka mlangoni. Ya bei hayakuzungumzwa tena. Ijumaa posho yangu ya Sikonge iliingia kwenye simu, bila maelezo wala simu ya kuniuliza kama imefika. Barua zangu binafsi nimezitoa kwenye faharasa. Herufi tatu tatu siziachi, maana "hawajalipa" sasa wanaonekana wote.

Dada wa kwaya naye habari zimemfikia, kwa toleo la dirishani. Jana amenijibu kwa mara ya kwanza. Nikafungua mikono ikinitoka jasho. Ameandika: "Amina."