Mheshimiwa na Matundu Yetu

Protini yetu, GFP, ilikuwa ya kijani hasa, ukiinua kichupa dirishani inakucheka. Tumeibandika mkia wa histidini 10 (histidini ni asidi amino, kijenzi cha protini) ili idake nikeli iliyo kwenye utando wa vifuko vidogo vya mafuta tulivyounda maabara. Vifuko vyenyewe ni vya DOPC, aina ya lipidi, yaani mafuta ya utando, asilimia 2 lipidi yenye nikeli, na rangi nyekundu kiasi ili utando uonekane. Ndani sukrosi milimola 300, nje bafa (maji ya chumvi yanayotuliza kiwango cha asidi) iliyopimwa mpaka ukali wake ukalingana na wa ndani; ikizidi vifuko vinasinyaa, ikipungua vinapasuka. Kila kifuko kilitakiwa kivae pete ya kijani.

Profesa akaalika wafadhili. Nikawasha leza ya nanomita 488. Lo! Skrini nzima kijani, na humo matundu meusi ya duara, kama shuka lililotafunwa na panya. Profesa akanikanyaga mguu. Mgeni mmoja akainama, akatazama weee, akasema: "Hongereni sana. Kumbe hayo matundu ndiyo protini?"

Profesa hata kope hakupepesa. "Ndiyo, Mheshimiwa."

Wageni walipokwenda kunywa chai nikawasha leza ya rangi nyekundu: pete zipo, nzima kabisa, pale pale penye matundu; kumbe matundu ni vifuko, na protini yote inaelea nje. Basi utando hauna kosa, kilichogoma ni kushikana. Bafa ya protini imetoka wapi? Mwenzetu aliyeisafisha akajibu kwa madaha kwamba ametia EDTA milimola 1, "vimeng'enya visije vikaitafuna."

Jamani! EDTA kazi yake ni kunyakua metali. Tulizimua protini mara 20 kufikia nanomola 100, kwa hiyo EDTA ikabaki mikromola 50. Lipidi yote mle haizidi mikromola 10, yaani nikeli mikromola 0.2, tena nusu yake imetazama ndani ya kifuko. Wanyakuzi 250 kwa nikeli moja! Na ukiongeza protini, unaongeza na wanyakuzi.

Tukaipitisha protini kwenye safu ya kuondoa chumvi ili EDTA itoke, tukaunda vifuko vipya, maana vya zamani vilishaporwa.

Pete zikawaka! Hatujamaliza kupiga vigelegele, vifuko vikaanza kung'ang'aniana mafungu mafungu. GFP ya kawaida hupenda kukaa mbilimbili. Ikisongamana juu ya utando, ya kifuko hiki hushikana na ya jirani. Profesa kashachukua simu awaite wageni. Tukamsihi angoje kwanza tubadilishe asidi amino ya nafasi ya 206 ya GFP, alanini, iwe laisini, ili iache kukaa mbilimbili.