Weka Picha Tu

Jamani, neno "tu" litakuja kuniua. Sisemi lile la "nimebaki na mia tano tu", hilo tumezoeana, tunalala kitanda kimoja. Nasema lile la bosi, saa kumi na moja jioni, wewe umeshafunga begi na kimawazo umeshapata siti kwenye daladala: "Slaidi zako nzuri sana, ila zimekaa kikavu. Weka picha tu."

Yeye kalisema, kaondoka na gari. Mimi nimetoka saa nne usiku, mlinzi ananimulika tochi anataka kujua ninaiba nini.

Haya, picha ziko wapi? Mradi wetu ni wa visima vijijini. Nikaomba picha kwenye grupu la ofisi, zikamiminika, zote kwa WhatsApp. Na WhatsApp inazibana picha njiani kama abiria wa Mbagala. Kwenye simu unaona raha. Iweke ijae ukuta sasa: vimraba vimraba, hujui ile ni pampu au ng'ombe kasimama. Nikawaandikia, tafadhali tumeni upya kama dokumenti. Mmoja akanijibu kwa dole gumba. Mwingine akatuma kadi ya mchango wa harusi.

Nikakimbilia intaneti. Ukitafuta maji ya kijijini unaletewa mzungu kashika glasi, anaichekea kama kaona mirathi ndani yake. Halafu kuna ile mikono miwili inayopeana salamu! Mikono ile sijawahi kuona sura za wenyewe, lakini nina hakika imehudhuria semina nyingi Dodoma kuliko mimi, na posho yake sijui nani anakula. Mwisho nikampata mama anateka maji, picha safi kabisa, ila kifuani kwake pamekatizwa jina la wenye picha, wanataka kwanza dola zao.

Kijana wetu wa fildi aliwahi kunisimulia kwamba PowerPoint, hii programu ya kutengenezea slaidi, ilipotoka mwaka 1987, kwenye kompyuta za Macintosh, ilikuwa inatoa kurasa nyeusi na nyeupe tu, za kwenda kuchapa kwenye zile plastiki za kumulika ukutani. Mwaka huohuo Microsoft wakainunua kwa dola milioni 14. Sasa mtu umeshatoa milioni zote hizo, si ungeiacha hivyohivyo watu wawahi makwao?

Basi nikaanza kupachika. Picha ya mgeni rasmi ikatua juu ya maandishi, ikafunika bajeti yote. Nikaivuta kwa kile kidoti cha ubavuni ili niipunguze. Kumbe cha ubavuni hakipunguzi, kinaminya! Mzee wa watu, mrefu mwenye heshima zake, akawa mwembamba kama mwiko. Nikavuta upande wa pili, akapanuka, akawa mtungi na tai juu. Nusu saa nahangaika naye, mara mwiko, mara mtungi, mpaka nikakumbuka kwamba unashika kidoti cha pembe ndipo urefu na upana viende pamoja. Nimejifunza hilo mara sita katika maisha yangu, na kila mara nalisahau.

Ikabaki picha ya bosi mwenyewe. Alisisitiza awepo, "akiwa sait". Sait bosi alifika, ila hakushuka garini, nje kulikuwa na jua. Picha yake nzuri nilikuwa nayo moja tu, niliyompiga Gairo tuliposimama kula. Kakunja mikono ya shati, macho yanang'aa, anatazama mbele kwa matumaini makubwa. Alichokuwa anatazama ni mbavu za mbuzi.

Nikaikropu. Nikakata meza, nikakata sinia, nikakata chupa mbili ambazo sitasema za nini, nikabakiza kichwa, mabega na matumaini. Chini nikaandika: "Mkurugenzi akikagua kisima." Nikiri wazi, nilijipongeza.

Faili likafika MB 160. Barua pepe ikalikataa, yenyewe mwisho wake 25. Niliona kuna mahali pa kubana picha, nikapaogopa. Nilishaona WhatsApp inavyobana. Nikalitia kwenye flashi, tukaenda nalo Dodoma.

Ukumbini mambo yalikwenda vizuri mpaka slaidi ya kumi na mbili. Bosi akasimama, akajitazama ukutani, hakuridhika.

"Mbona umeniweka kona? Niweke katikati."

"Tutarekebisha baadaye, bosi."

"Sasa hivi. Ni kuvuta tu."

Lile neno tena! Mkono ukaanza kutetemeka. Nikatoka kwenye onyesho, nikabofya picha, na badala ya kuivuta nikaenda kugusa palepale pa kukropu. Ndugu zangu, vyote nilivyokata vikarudi. Rangi imefifia kidogo, kama mizimu, lakini vyote: meza, sinia, mbavu, kachumbari, chupa mbili. Na bosi katikati yake, amekunja mikono, anakagua.

Ukumbi kimya. Mgeni rasmi akavaa miwani, akasoma maandishi ya chini taratibu, akapandisha macho kwenye sinia, akashusha tena kwenye maandishi.

"Mkurugenzi," akasema, "kisima hiki kina urefu wa mita ngapi?"

Watu wakavunjika mbavu. Bosi hakucheka, alikuwa ananitazama mimi. Hapo ndipo kijana wa fildi akaniinamia sikioni, kwa adabu zake zote: "Shikamoo mzee. Ungebana zile picha, vipande ulivyokata vingefutika kabisa. Ukikropu bila kubana, huwa vimefichwa tu."