Hyundai: gari nzuri, ila unayemwamini ni waranti

Mtaje Hyundai kwenye kundi lolote la wapenda magari, iwe Dar, Nairobi au wabongo wa Columbus, Ohio, hazipiti dakika tano watu washagawanyika. Kuna wa "hii gari nimeitumia miaka nane sijawahi kufungua injini" na kuna wa "usiguse hiyo kitu, injini za Mkorea zinakufa bila kuaga". Alafu kila upande unamuona mwenzie muongo. Mi naona wote wanasema kweli tupu, ndo maana ubishi hauishi.

Tuanze na walikotoka, maana bila hapo humuelewi huyu Mkorea. Mwanzilishi, mzee Chung Ju-yung, alizaliwa 1915 kwenye familia ya wakulima masikini, kijiji ambacho leo kiko Korea Kaskazini. Alitoroka nyumbani zaidi ya mara moja, na safari mojawapo aliondoka na hela ya ng'ombe wa baba yake. Mwaka 1998 akiwa bilionea akavuka mpaka kwenda Kaskazini na malori yamebeba ng'ombe, kwa awamu mbili, jumla 1,001 (mmoja deni, elfu moja riba, hapo hamna wa kumdai tena). Akiwa kijana alikua na duka la mchele, akafungua gereji Seoul, 1947 akaanzisha kampuni ya ujenzi, na Hyundai ya magari ikaja Desemba 1967. Yaani huyu mtu alikua mjenzi kwanza, anajenga barabara, alafu akaona mbona magari yanayopita humu sio yetu.

Gari ya kwanza haikua yao. Ilikua Ford Cortina inaunganishwa kiwandani Ulsan kuanzia 1968. Ford walipokua hawaeleweki, Hyundai wakaamua kutengeneza ya kwao, na hapa ndo unaona tabia ambayo wanayo mpaka leo: wakamchukua Muingereza George Turnbull aliyekua bosi mkubwa British Leyland, mchoro wakamuomba Muitaliano Giorgetto Giugiaro, injini wakachukua Mitsubishi, na mwishoni mwa 1975 Pony ikaanza kutoka. Mwaka uliofuata Pony za kwanza zikaenda kuuzwa Ecuador. Nchi ambayo miaka ishirini nyuma ilikua majivu ya vita inauza gari nje, sio mchezo. Ila ona na upande wa pili, hakuna kitu humo ndani walichokaa nacho wakakijua taratibu, kila kitu ni haraka, azima, kopi, jifunze njiani. Injini ya kwanza waliyobuni wenyewe, ile Alpha, imekuja kutoka 1991, wakati huo washauza mamia ya maelfu ya gari Marekani.

Na Marekani ndo walikoumia. 1986 waliingia na Excel kwa dola 4,995, bei ambayo hata mwanafunzi wa chuo anajikuna anaipata, na mwaka wa kwanza tu wakauza zaidi ya 160,000. Ilikua rekodi. Baada ya muda zikaanza kuoza, gia zinasumbua, injini zinasumbua, bei ya kuuzia mkononi ikaanguka mpaka watu wanaziacha pembeni ya barabara, na jina Hyundai likawa la kuchekeshea watu kwenye televisheni. Wanaosema Mkorea ni takataka, ukimuuliza umri wake, mara nyingi kumbukumbu yake ni ya enzi hizo, au kaisikia kwa baba yake.

Kilichowaokoa sio tangazo. 1998 walikua wanainunua Kia, Mkorea mwenzao aliyefilisika kwenye ule mtikisiko wa uchumi wa Asia, na soko la Marekani limekufa kabisa, wakaja na kitu ambacho wengi waliona ni wazimu: waranti ya miaka 10 au maili 100,000 kwa injini na gia. Wakati huo hata Mjapani hakua na ujasiri huo. Mwaka uliofuata mtoto wa mzee, Chung Mong-koo, akashika usukani, na huyu alikua ametokea upande wa huduma na spea, kwahiyo anajua gari zao zinarudi gereji na ugonjwa gani. Ukishaahidi kulipia injini ya mtu miaka kumi inabidi utengeneze injini ya miaka kumi, la sivyo unafilisika, hesabu iko wazi kabisa. Na kweli zikabadilika, 2004 kwenye utafiti wa J.D. Power wa ubora wa gari mpya Hyundai ikasimama sawa na Honda. Watu walidhani wamekosea kuchapa.

Sasa hapa ndo hoja yangu ilipo. Toyota watu wanaiamini gari yenyewe. Hyundai watu walifundishwa kuamini karatasi. Hivyo ni vitu viwili tofauti na vinaleta wamiliki wa aina mbili.

Mmiliki aliyenunua mpya, ana waranti, anafanya sevisi kwa wakati na risiti anatunza, huyo atakwambia Hyundai ni gari bora duniani kwa hela yake. Na ana haki. Sonata ama Tucson kwa bei ambayo kwa Mjapani unapata ile ya chini isiyo na kitu, wewe unapata viti vya kupoza, kamera kila kona, skrini kubwa, kioo cha juu. 2009 watu wanapoteza kazi Marekani walikuja na mpango kwamba ukipoteza kazi ndani ya mwaka rudisha gari, tumalizane. Nani mwingine alifanya hivyo kwanza? Na kwenye umeme ndo usiseme, Ioniq 5 ilichukua tuzo ya gari bora la dunia 2022, ukiipata chaja yenye nguvu inatoka asilimia 10 mpaka 80 ndani ya dakika 18 hivi, unaagiza kahawa haijapoa gari iko tayari. Mwaka huo huo kundi la Hyundai na Kia likawa la tatu duniani kwa mauzo, nyuma ya Toyota na Volkswagen.

Mmiliki wa pili ndo ana hadithi nyingine. Kwenye ile waranti ya Marekani miaka 10 ni ya mnunuzi wa kwanza tu, ukinunua mkononi injini na gia inashuka mpaka miaka 5 au maili 60,000 toka gari ilipouzwa mara ya kwanza. Watu wengi hawasomi hapo. Na ndipo ikaja ile injini ya Theta II, ya lita 2.0 na 2.4, iliyokua kwenye Sonata na Santa Fe, na kwa Kia kwenye Optima na Sorento. Tatizo lenyewe ni dogo ukilielezea: wakati wa kuchonga krenkishafti (ule mhimili unaozungushwa na pistoni) kiwandani mabaki ya chuma yalibaki kwenye vinjia vya oili, oili haifiki vizuri kwenye beringi za konrodi, beringi zinalika, injini inaanza kugonga ile tok tok tok hasa ukikanyaga mafuta, na ukipuuza inakata ukiwa barabara kuu na mwendo wa maili 70. Nyingine ziliwaka moto. 2015 wakaita gari kama 470,000 zirudi, 2017 wakaongeza mamia ya maelfu mengine, na 2020 serikali ya Marekani ikaafikiana nao wao na Kia adhabu na masharti ya jumla ya dola milioni 210 kwa kuchelewa kuziita. Aliyetoboa siri alikua injinia wao wenyewe, Kim Gwang-ho, wakamfukuza, na 2021 Marekani ikamlipa zaidi ya dola milioni 24. Natamani ningeona sura ya bosi wake siku hiyo.

Watetezi watasema, mbona mwishoni walitoa waranti ya maisha kwa zile injini, hata kwa mmiliki wa pili? Ni kweli walitoa. Ila walitoa baada ya kesi mahakamani. Hiyo ndo shida yangu na hii kampuni, na ushahidi mzuri kuliko wote ni ule wizi wa gari. Kwa miaka mingi Hyundai na Kia za funguo ya kawaida zinazouzwa Marekani hazikua na imobilaiza, ile chipu inayoifanya injini ikatae kuwaka kama funguo sio yenyewe. Za mwaka 2015, ni asilimia 26 tu ndo zilikua nayo wakati kampuni zingine zilikua asilimia 96. Vijana wakagundua unabandua plastiki ya chini ya stelingi, unachomoa silinda ya funguo, kile kisehemu kilichobaki unakizungusha kwa kichwa cha waya wa yuesibii wa kuchajia simu, gari hiyo inawaka. Wakarusha TikTok, wizi ukalipuka kuanzia Milwaukee na kusambaa miji mingine, baadhi ya makampuni ya bima yakagoma kukatia bima baadhi ya modeli. Sasa nenda Canada hapo jirani, gari zile zile zilikua nazo. Kwanini? Sheria ya Canada inalazimisha. Kwahiyo teknolojia wanayo, kiwanda wanacho, ila palipo hakuna anayewashika shati wanabana hela.

Kwenye umeme nako haraka imewafata. Ioniq 5 hiyo hiyo ya tuzo ina kifaa kinaitwa ICCU kinachochaji betri ndogo ya volti 12, kikiungua betri ndogo inaisha na gari inapoteza nguvu barabarani, na 2024 waliita zaidi ya 200,000 Marekani wakihesabu na za Kia. Wamiliki ukiwasoma wanachekesha, mtu analalamika ukurasa mzima alafu anamalizia "ila siiuzi".

Kwetu huku inakuaje? Korea wanaendesha kulia kwahiyo gari zao used zina usukani kushoto, na Kenya usukani wa kushoto hauingii kabisa kwa matumizi ya kawaida, sasa lile bomba la mtumba linalotuletea IST, Vitz, Demio na Probox kutoka Japani, Mkorea hayumo. Matokeo yake spea hazijazagaa, fundi wa chini ya mti hajaifungua injini mara mia akaijua kwa sauti, na ukitaka kuuza mnunuzi anakuangalia kama umemletea mgonjwa. Congo, Rwanda na Burundi wanaoendesha kulia usukani sio kikwazo, ila suala la fundi na spea liko palepale. Wakati huo huo Mtanzania anayepanda ile treni ya mchongoko ya SGR kwenda Dodoma amekaa ndani ya kitu kilichotengenezwa na Hyundai Rotem, ndugu wa kampuni hiyo hiyo, na hajawahi kuuliza kama spea zinapatikana.

Kwahiyo ukiniuliza mimi, Hyundai mpya kwa wakala, yenye waranti iliyoandikwa na inayotekelezwa hapa hapa ulipo, nunua na usisikilize kelele za Excel ya 1986. Ya mkononi iliyotoka Uingereza au kwingine wanakoendesha kushoto, waranti yake uiandike imebaki huko, kwahiyo chukua namba ya chesisi uangalie kama iliitwa na kama ilirekebishwa, ulizia ni injini gani iko ndani, omba rekodi za sevisi, na asubuhi injini ikiwa ya baridi mwambie muuzaji awashe wewe ukiwa umesimama mbele ya boneti, akikwambia ameshaipasha moto ili usisumbuke kusubiri, msalimie uondoke.