Usiniambie Bei ya Upanga, Niambie Chuma Kimetoka Wapi

Sheria ya kutengeneza zana za kichawi katika Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika na kupiga dadu, toleo la tano, ile ya 2014, ukiipigia hesabu utacheka. Fundi anasogeza kazi yenye thamani ya vipande 25 vya dhahabu kwa siku. Kitu cha daraja la chini kidogo kinagharimu 500, yaani siku 20. Hapo hakuna neno. Kitu adimu ni 5,000, siku 200. Ukifika kwenye vile vya kiwango cha juu kabisa, ambavyo watu huvitungia hadithi, ni 500,000: siku 20,000, karibu miaka 55. Nilipoisoma kwa sauti mezani kwetu Ntinda, Kampala, ninapoendesha mchezo, kijana mmoja wa Arua akadakia, "Mzee, hiyo si kazi tena, hicho ni kifungo." Kweli wenzako wenye sifa wanaweza kukusaidia, lakini hata mkiwa watano ni miaka kumi na moja mmejifungia karakanani huku majoka yanachoma vijiji.

Waandishi wenyewe waliliona hilo. Kitabu cha nyongeza cha 2017 kikashusha kazi ile ya miaka 55 hadi wiki 50 na dhahabu 100,000, na mwongozo wa 2024 ukaandika siku 250, ambazo ni zilezile wiki 50 za siku tano tano. Hesabu sasa imekaa sawa, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kwamba mchezaji bado anafuta namba moja kwenye karatasi yake, anaandika nyingine, na karakana imegeuka duka. Ukimwuliza baada ya mwezi ule upanga ulitoka wapi, hakumbuki. Atakumbukaje, na hakuna kilichotokea?

Toleo la tatu, la mwaka 2000, lilikuwa na wazo ambalo mpaka leo nalionea wivu. Mtengenezaji alilipa nusu ya bei kwa dhahabu, akakaa siku moja kwa kila 1,000 ya bei, kisha akatoa pointi za uzoefu, zile zinazompandisha mhusika levo, sehemu moja ya ishirini na tano ya bei. Kitu cha 4,000 kilimla dhahabu 2,000, siku nne na pointi 160. Yaani fundi aliacha kipande cha nafsi yake ndani ya kazi. Kwenye maandishi inasisimua. Mezani ilikuwa dhuluma: mmoja anawatengenezea wenzake wote mikufu na majoho, wenzake wanapanda levo, yeye anabaki nyuma kama mpishi wa harusi asiyepata sahani. Sishangai kwamba sheria hiyo iliachwa.

Nilipoandika sheria zetu sikuanzia vitabuni. Nilianzia kwenye lubugo. Anayeishi Buganda ameiona hata kama hajawahi kuigusa: nguo ya magome ya mti wa mutuba, rangi ya udongo mwekundu, ya wafalme na ya mazishi. Fundi huvuna gome msimu wa mvua. Hulipiga kwa nyundo za mbao za aina mbalimbali, muda mrefu, mpaka lilainike na kutanuka, na hufanya kazi chini ya banda lililo wazi ili gome lisikauke haraka. Mwaka 2005 UNESCO iliutaja ufundi huo kuwa urithi wa binadamu. Mimi kilichonishika zaidi ni mti wenyewe. Akishaumenya huufunga kwa majani ya mgomba, na mti unaishi. Unaota gome jipya, na msimu mwingine anaurudia.

Sasa rudi kwenye ile sheria ya 2017. Inataka kiambato cha ajabu, na ili ukipate lazima ukabiliane na kiumbe wa nguvu inayolingana na kitu unachokitaka. Wazo ni zuri, lakini nimeona linavyoishia kwenye meza nyingi: wachezaji wanafungua orodha ya viumbe wanatafuta wa kuchinja. Kila kiumbe anageuka nyama ya bucha. Hakuna anayefikiria kwamba gamba linaweza kuombwa, unyoya unaweza kuokotwa, au mti wa kale unaweza kutoa tawi kwa sharti kwamba utarudi kuumwagilia.

Kwa hiyo kwetu hakuna bei. Kila zana ina kiambato kimoja tu, ninakiita kiini, na swali langu kwa fundi ni moja: umekipataje? Kiini kilichotolewa kwa hiari, au kilichotunzwa mpaka kikakomaa, kinazaa zana safi. Kilichonyang'anywa, kikaibwa au kikatolewa kwenye maiti, kinazaa zana inayofanya kazi vilevile, lakini ina dosari. Hatupigi dadu kujua kama kazi imefaulu. Mtu aliyehangaika vikao vitatu kutafuta kitu hawezi kukipoteza kwa sababu dadu imeangukia moja. Dadu ni ya kuchagua dosari.

Dosari yenyewe sitaki iwe ya namba. Kumkata mtu pointi mbili za pigo ni adhabu kavu. Wachezaji wangu waliwahi kumwua nyoka wa ziwani wakachukua nyongo yake, na mkuki uliopakwa nyongo ile unatoboa ngao yoyote, lakini usiku unavuja maji. Ukilala nao hemani, unaamka kwenye dimbwi. Dada anayeubeba anaufunga kwa ngozi, anautundika mtini, anagombana nao kila kikao. Sijawahi kusikia mtu akigombana na upanga wa nyongeza ya moja kwenye dadu alioununua.

Na njia ya pili inanoga vilevile. Mchezaji mwingine alitaka ngao isiyoshika moto, nikamwambia kiini ni magamba ya joka aliye hai. Wakaenda wamejiandaa kwa vita. Wakamkuta joka anajikuna kwenye mwamba, anajivua ngozi, anateseka kwa muwasho, na dawa yake ni chumvi. Nikawapa ziwa la kreta lenye vijaruba vya chumvi, nikilifikiria Ziwa Katwe kule Kasese, na akina mama wenye vijaruba ambao hawakuwa na haja ya dhahabu ya wapita njia. Walitaka daraja la kuvukia lijengwe. Kikao kizima tukakimaliza kwa mbao, misumari na kubishana na mama mmoja aliyekuwa mkali kuliko joka. Hakuna aliyechomoa upanga. Wale wa vita walinung'unika kidogo mwanzoni. Tulipofika kwenye mbao hata wao walikuwa wanachora daraja nyuma ya karatasi za wahusika tulizochapisha Nasser Road.

Sharti jingine ni mkono wa pili. Hakuna zana inayokamilika kwa mtu mmoja. Katika karakana za Katwe hapa Kampala mmoja anashika chuma, mwenzake anachomelea, na kwetu mhusika mwingine lazima afanye sehemu yake: aimbe, avukute moto, atoe damu, chochote. Muda nao hauhesabiwi kwa siku. Kazi inasogea hatua moja kila baada ya safari, basi.

Najua watakaosema mizani ya mchezo itavunjika, watu watajaza zana. Toleo la tano limeshaweka ukuta wake: mhusika hawezi kufungamana, yaani kujiunganisha kichawi, na zana zaidi ya tatu kwa wakati mmoja. Zile zisizohitaji kufungamana, mwendesha mchezo ana mdomo, aseme kiini chake kiko mbali. Dawa za kuponya nimeziacha zifuate kitabu, dhahabu 25 na siku moja ya kazi. Sina nguvu ya kutunga kisa kwa kila chupa, na wachezaji hawana subira ya kukisikiliza.

Kama kampeni yako, yaani mfululizo wa vikao vya hadithi moja, iko katikati na unataka kuzijaribu sheria zetu, usibadilishe kila kitu kwa mkupuo. Kazi iliyoanza kwa dhahabu imalizwe kwa dhahabu; mtu aliyekwisha kulipa 2,000 usimwambie leo akatafute joka lenye muwasho. Anza na zana inayofuata, na kiini kitaje mapema, kabla hawajajua nani anacho.